Siku Mpiga Mbiu Aliponyamaza

Kikohozi cha heshima humficha mgonjwa. Methali hii mliisikia jana msibani, mkaniuliza ilitoka wapi. Sogeeni, niwaeleze chanzo chake.

Katika nchi ya Mtemi Kasanda ilikuwa desturi kwamba mtemi akikohoa, wote waliopo wakohoe pamoja naye, asionekane mnyonge peke yake. Malunde, mpiga mbiu wake, ndiye aliyekuwa akianza. Hakuwa mnafiki. Mwaka wa njaa Kasanda alifungua maghala yake, na mama yake Malunde akaponea uji wa mtemi. Jambo kama hilo mtu halisahau.

Kisha ikaingia homa ya kifua. Nchi jirani zilizuia masoko na ngoma. Kasanda akamtuma Malunde atangaze kwamba homa hiyo ni maneno ya wenye wivu, watu wakusanyike kama kawaida. Malunde akatangaza kijiji kwa kijiji. Watu walipoanza kufa, waliobaki walizidi kukohoa barazani, maana kukohoa sasa kulikuwa alama ya kumpenda mtemi.

Siku moja Kabula, mke wa Malunde, alimwambia mumewe, "Baba Nyamizi, mtoto anakohoa tangu juzi."

Malunde akatabasamu. Nyamizi alikuwa na miaka sita. "Amejua adabu mapema. Huyu atairithi mbiu yangu."

"Haigizi, mume wangu. Hebu mguse."

"Na wewe umeshika maneno ya majirani?"

Hakumgusa, aliwahi barazani. Alipokuja kumgusa siku ya tatu, mwili wa mtoto ulikuwa umeshakuwa baridi.

Alimzika asubuhi, akaenda barazani na udongo mikononi. Mtemi akakohoa. Watu wakamtazama Malunde, aanze. Hakuanza.

"Malunde," mtemi akauliza, "koo limekukauka?"

"Hapana, Mtemi. Leo nimekuja kusikiliza."

"Kusikiliza nini?"

"Naomba kila aliye mzima anyamaze nami kidogo. Kwa ajili ya Nyamizi."

Mzee mmoja akanong'ona, "Majirani wameshamnunua huyu." Lakini watu waliuona ule udongo. Wakanyamaza mmoja mmoja, hata wakabaki wakikohoa wale wasioweza kujizuia. Walikuwa kumi na wanane, wameketi katikati ya wenzao, goti kwa goti. Na juu ya kigoda cha enzi, shuka lake la mgolole likiwa kinywani, mtemi mwenyewe.

Kasanda aliinua mkono kuwaamuru wakohoe. Hakuna aliyekohoa isipokuwa wagonjwa.

Malunde alikuwa bado anampenda mtemi wake. Alimletea maji katika kata, akayaweka chini hatua tatu mbele yake, akarudi nyuma. Kisha akapiga mbiu bila kutumwa: ngoma zikome, kila mtu aende kwake, na akifika awaguse watoto wake vipaji vya nyuso.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote, mtemi na mtoto. Tangu hapo, wazee wakimwona mtu anayemtukuza mkubwa wake hata hasikii nyumba yake mwenyewe, humwambia polepole: kikohozi cha heshima humficha mgonjwa.