Mjane, Pikapu na Mtu Asiyedanganyika

Wapendwa, alikuwapo mwanamume mmoja aliyejua magari. Jina lake siwapi, maana nawajua, mtaanza kugeuka nyuma na kutafutana kwa macho. Mtu akitaka kununua gari, alimfuata bwana huyu nyumbani asubuhi na kumbembeleza waende wote. Akifika, anatega sikio injini ikiunguruma, anapitisha kiganja chini ya mlango, anagonga hapa na pale kwa kidole, kisha anataja bei. Basi, hiyo ndiyo bei. Madalali wakimwona anakuja walishusha sauti na bei pamoja. Naye alijua kwamba wanamwogopa, na jambo hilo lilimnenepesha kuliko ugali. "Hajazaliwa wa kuniuzia mimi mbuzi kwenye gunia," alikuwa akisema, na hakuna aliyembishia.

Ila alikuwa na tamaa moja moyoni. Tangu ujana wake aliitamani pikapu ya mkulima mmoja wa kahawa wa kijiji cha jirani. Pikapu ya zamani ile, ya kijani, yenye pua ya mviringo, ambayo viwanda vimekwisha kusahau kuitengeneza. Ilikuwa imepeleka wajawazito hospitali, imebeba maharusi, imebeba majeneza. Mkulima aliiosha kila Jumamosi na kuifunika turubai kama mtu anavyomfunika mwanawe. Ikipita barabarani, bwana wetu alikuwa akisimama mpaka vumbi litulie.

Mkulima akafariki. Mjane wake hakuwa na wa kuiendesha, akaamua kuiuza, na yeye magari aliyajua kwa kupanda tu. Akasema, "Nimwite yule asiyedanganyika. Huyo atanitajia bei ya haki." Mnaona mambo? Ameita mpimaji, na anayekuja ni mnunuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba, karibu. Mimi nilifikiria milioni nane, lakini sijui kitu. Wewe ndiwe mjuzi, niambie."

Bwana akaizunguka pikapu. Moyoni alijua ni ya milioni kumi na mbili, na mwenye kuzitoa angepatikana kabla jua halijazama. Mate yakamjaa mdomoni. Kisha akatikisa kichwa, kama tunavyotikisa sote tukikipenda kitu.

"Mama, hii imechoka. Bodi imeliwa na kutu. Injini inakula mafuta. Vipuri vyenyewe havipo tena."

"Mume wangu aliitunza sana, baba." Mama aliyasema hayo kidevu juu. Alikuwa na fahari na gari la mumewe, na alikuwa na haki ya kuwa nayo.

Bwana akakiona kile kidevu, akajua kwamba bei haitashuka kama chenyewe hakijashuka. Basi akaingia uvunguni mwa gari, akakaa huko kidogo, akatoka akijipangusa mikono. Akaongeza chumvi.

"Na chesisi imepasuka, mama. Chesisi ndiyo uti wa mgongo wa gari. Siku ikikatika njiani, itaua watu. Mimi nitakupa milioni tatu, kwa heshima ya marehemu tu."

Kidevu kikashuka. "Itaua watu?"

"Itaua."

"Basi niache nifikirie, baba. Njoo kesho."

Bwana alirudi kwake akiimba. Alikwisha kuchagua hata mahali pa kuiegesha Jumapili, palepale mbele ya mlango wa kanisa, ili pasiwe na mtu wa kuingia kusali bila kuipita. Kesho yake akavaa shati jeupe, akatia fedha mfukoni, akaenda kwa mwendo wa mwenye mali.

Alipofika uani alikuta watu wa chuma chakavu wameshika grenda ya kukatia chuma. Pikapu ilikuwa vipande viwili.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimefanya ulivyoniambia, baba. Marehemu alibeba wagonjwa kwa gari hili, na hakuna hata mmoja aliyefia ndani yake. Leo nikuuzie wewe likuue? Una watoto. Hawa wamenipa laki tano. Nimewaambia waanze na hiyo chesisi, mtu asije akalifufua kisha likamuua."

Mmoja wa wakataji akainua kichwa. "Lakini mama, nani alikwambia imepasuka? Chuma cha namna hii siku hizi utakipata wapi?"

Mama akasogea, akapitisha kidole pale palipokatwa. Chuma kilikuwa kinene, kinang'aa kama sarafu mpya. Hapakuwa na ufa, wala kutu. Akamgeukia bwana aliyesimama na shati lake jeupe.

"Baba, watu waliniambia kwamba wewe hudanganyiki. Nikasahau kuwauliza kama hudanganyi."

Wapendwa, mnamcheka? Nani kati yetu hajashika shati la mtumba gulioni akasema, "Hili limekwisha, kola imekufa, nani atalivaa?" Kisha Jumapili kalivaa yeye. Mashati hayo nayaona hapa mawili matatu. Sawa, muuza mitumba anatujua, haamini hata neno letu moja, tunachezeana mchezo. Mjane aliamini. Msiba wote uko hapo.

Sasa nikuulize: wewe, nani anakuamini? Binti yako amefanya vizuri shuleni, moyo wako unarukaruka kwa fahari, na mdomo unasema, "Wenzako wanakuzidi." Kwa nini? Unaogopa atavimba kichwa? Mkeo anajenga nyumba hiyo pamoja nawe mwaka hadi mwaka, nawe unamwambia, "Kwani umefanya nini?" Tunawashusha watu bei ili tuwalipe kidogo: heshima kidogo, asante kidogo, mshahara kidogo. Sisi tunajua kwamba tunasema uongo. Wao hawajui. Wanaondoka na neno letu, wanakwenda kujikata wenyewe, na wanaanzia palepale tulipowaambia kwamba ni pabovu.

Yule bwana alijivuna kwamba hakuna wa kumwibia. Fahari nzuri, siilaumu. Lakini Mungu hatatuuliza tu ni nani aliyetupunja. Atatuuliza tulimtajia nani bei yake ya haki, tukiwa tunaijua.

Kwa hiyo leo ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, mwite yule unayemwonea fahari kimyakimya. Mtajie bei yake, usipunguze hata senti. Umwambie leo, angali mzima, na grenda haijaletwa uani.