Masikio Mia ya Sungura

Sogeeni, sogeeni! Mko wangapi? Wanne, na mmoja anasinzia. Haya, mnatosha.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka mto ukabaki mchanga mtupu. Kilisalia kisima kimoja, na mwenyewe alikuwa Simba. Sungura alikuwa mpiga mbiu: kila asubuhi alizunguka pori, kisha akatangaza wapi pana unyevu, wapi pachimbwe. Simba akamwekea sharti.

"Nikiona masikio mia pale mbugani yakikusikiliza, utapata kibuyu kizima cha maji. Yakipungua, utalamba tope."

Wala asingeshuka kutoka kwenye jiwe lake la juu kuyahesabu. Mfalme na kuhesabu, wapi na wapi!

Siku ya kwanza alikuja Kobe peke yake.

"Habari za maji, ndugu Sungura?"

"Kwanza masikio yako yako wapi?"

"Ninayo, ila yako ndani."

"Ya ndani hayahesabiwi! Hebu nipishe, unanijazia nafasi bure."

Kobe akaondoka na kiu yake. Sungura akatazama huku na huku. Nyasini palikuwa na vichuguu hamsini. Akachomeka majani mawili ya mkonge juu ya kila kimoja. Loo! Kutoka jiweni, ule ulikuwa mkutano hasa. Kibuyu kikaja.

Basi Sungura akaacha kuzunguka. Ya nini kuunguzwa na jua, na vichuguu haviulizi kitu? Akawa anasimulia manyoya ya Simba na harusi ya Fisi. Wasikilizaji hawakukohoa, hawakubisha. Siku moja alijisahau, akasema, "Asanteni kwa utulivu wenu."

Kisima nacho kikakauka. Simba akanguruma, "Sungura! Masikio mia ni wanyama hamsini. Waamuru wafukue mchanga wa mtoni, pale penye mkuyu. Jua likichwa sijaona maji, nitamla mpiga mbiu."

Sungura akawageukia watu wake. "Jamani..." Jani moja likaanguka.

"Hata wewe?" akaliuliza.

Akaenda kuchimba peke yake. Mpaka adhuhuri shimo lilikuwa limemfika magotini. "Mpiga mbiu mkuu," akajicheka, mchanga umejaa mdomoni, "sauti yako inafika mbali kweli. Imefika mpaka kwa mchwa!"

Kobe akapita. "Habari za maji, ndugu Sungura?"

Sungura nusura alie. "Yako hapa chini, ndugu yangu. Nilikukosea. Nisaidie, naliwa leo."

Kobe akamwambia Nungunungu, Nungunungu akamwambia Ngiri, Ngiri akaja na ukoo wake mzima. Jua likiwa linazama, maji yakachomoza, machafu, lakini maji.

Kiu ikamshusha Simba. Akakuta wachimbaji kumi na mmoja, na kule mbugani hamsini wametulia tuli.

"Na wale mbona hawaji?"

"Wale, mfalme, kazi yao kusikiliza tu."

Simba akaenda kunusa. Mchwa wakamuuma pua. Aliporudi, akampokonya Sungura kibuyu, akampa Kobe, na Sungura akalamba tope mbele ya wote.

Tangu hapo Sungura huzunguka tena pori kila asubuhi. Akiulizwa amepata wangapi leo, hujibu, "Mmoja, naye hana masikio," kisha hucheka mwenyewe kabla hajachekwa. Lakini Kobe akishapita, habari huwa imefika kila tundu. Haba na haba hujaza kibaba.