Koti Lililobaki na Vifungo Vitatu

Alhamisi, tarehe saba Novemba, saa tisa na robo alasiri, katika mji mkuu mmoja mdogo wa Ulaya, mtu mmoja aliulizwa habari za kaka yake, akajibu kwa maneno machache. Tangu saa ile hakuwa tena mtu yule aliyeaga nyumbani. Yafaa mambo haya yaelezwe polepole, kama yalivyokuwa, ili kila mmoja achukue lililo lake.

Mtu huyo aliitwa Gaudens Kinunda. Alikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu na msomaji wa vitabu vizito. Alikuwa na kaka mmoja tu, Meinrad, fundi cherehani kwenye baraza ya duka huko Mbinga, mahali ambapo asubuhi za baridi watu husalimiana huku mvuke ukiwatoka mdomoni. Wazazi wao walikufa mapema, na Meinrad alimlea mdogo wake kando ya cherehani. Vielelezo vya kukatia nguo alivichora kwenye magazeti ya zamani. Palikuwa na ukosi, na mkono, na mfuko, na kila kipande kilikuwa na maneno yaliyokatwa katikati. Kwa vipande hivyo alimfundisha Gaudens kusoma. Sentensi ilipofika mahali mkasi ulipopita ikakatika, alimwuliza, "Unadhani iliishaje?" Mdogo mtu alikisia. Meinrad hakumwambia kamwe kama amepata au amekosa. Alisema tu, "Kwa nini unadhani hivyo?"

Fundi huyu alikuwa na desturi iliyojulikana mji mzima. Nguo yoyote aliyoshona aliibakizia kifungo kimoja. Ulipokuja kuichukua alikuuliza swali moja, la kwako peke yako, na kifungo hakikushonwa mpaka umejibu. Hakudai jibu zuri, alidai la kweli. Bibi harusi mmoja aliulizwa ni nani atakayelifua gauni lile. Diwani aliulizwa mifuko mikubwa kiasi kile ameiagiza ya nini. Wengine walicheka, wengine walinuna.

"Fundi, mimi nimefuata suruali, sikuja kufanya mtihani!"

"Suruali chukua, baba. Kifungo kitakungoja."

Vifungo vilivyongoja vilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, kila kimoja kikiwa kimefungwa katika kipande cha gazeti chenye jina la mwenyewe. Watu walikaa barazani pale wakibishana juu ya maswali yake mpaka duka linafungwa. Lakini Gaudens, alipokwisha kupata shahada zake, alianza kupita upande wa pili wa barabara. Hakumchukia kaka yake. Aliona haya tu. Akiwa na wenzake wa chuoni, alimpungia mkono kwa mbali na kusema anawahi.

Kisha ukaja mwaliko wa mkutano wa wasomi, katika mji wa mwanafalsafa ambaye Gaudens alikuwa amefundisha vitabu vyake kwa miaka kumi. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, na wasafiri wengi huupita wakielekea kwenye miji yenye sifa. Wenzake walimtania. "Hiyo Ulaya gani, bwana? Wewe umekaribishwa uani, sebuleni bado." Alicheka pamoja nao, kwa kuwa moyoni hata yeye aliudharau.

Meinrad alimshonea koti zito la sufu, rangi ya kahawa iliyokaangwa. Siku ya safari gari lilikuwa linapiga honi, na koti lilikuwa na vifungo vitatu na nafasi ya cha nne.

"Mdogo wangu, swali lako ni jepesi," alisema Meinrad. "Nani alikufundisha kusoma?"

Gaudens aliona kichwa cha mwenzake kimechungulia dirishani mwa gari. "Kaka, nawe! Nitakujibu nikirudi."

"Haya. Kifungo hakina haraka." Akakohoa, akaketi kwenye stuli yake. Kifua kilikuwa kinamsumbua tangu Agosti, na wote wawili walilijua hilo.

Mji ule mdogo ulimshangaza Gaudens. Mto wake ulikuwa mwembamba, na madaraja yake yalikaribiana hata mtu wa ng'ambo moja aliweza kumwita wa ng'ambo nyingine bila kupaza sauti. Mwisho wa mtaa ilionekana milima yenye theluji. Hapakuwa na jengo la kumtisha mgeni. Watu walikula supu sokoni wakiwa wamesimama, wakamsogezea mgeni nafasi bila kumwuliza anatoka wapi. Kila alikokwenda alisikia habari za yule mwanafalsafa. Alizaliwa nyuma ya soko hilo, na hapo bado aliishi. Vyuo vikubwa vilimwita, akaenda, akarudi. Hakuandika juu ya nyota wala juu ya wafalme. Kitabu chake kilichopendwa kuliko vyote kiliuliza kwa nini mtu humsalimu mbwa wa jirani kabla ya kumsalimu jirani.

Palikuwa na mama mmoja aliyeuza kabichi iliyochachushwa kwa chumvi. Huyo alimwonyesha Gaudens ndoo kuukuu iliyopinduliwa kando ya meza yake.

"Hapo ndipo alipoandika kitabu cha kwanza," alisema. "Nilikuwa namwambia, ondoka, unanizibia wateja! Na usiamini kila anachosema, mgeni. Mimi nambishia tangu tulipokuwa shuleni. Lakini ndoo ile haikaliwi na mtu mwingine bila ruhusa yangu."

Gaudens aliomba ruhusa. Alivua kofia, akakaa juu ya ndoo kwa heshima kama mtu aliyeingia kanisani, akaomba apigwe picha. Huyo ndiye mtu ambaye kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuketi kwenye stuli ya kaka yake mbele za watu.

Alhamisi alasiri wasomi wa mkutano walipelekwa sokoni kumwona yule mwanafalsafa mzee. Akaja, mfupi, kamba ya kiatu kimoja imefunguka, akaketi kwenye ndoo yake. Wenye meza waliacha kuuza wakasogea. Kijana mwuza mikate alimwambia jambo aliloandika wiki iliyopita ni upuuzi, na mzee akamwomba aeleze kwa nini. Walibishana, watu wakacheka, na Gaudens akasikia kitu kifuani mwake alichokifahamu tangu zamani. Alikuwa amekwisha kukiona kikao hiki. Alikuwa amekulia ndani yake.

Ndipo mzee alipomtazama yeye. Akanyoosha mkono, akashika pindo la koti, akapapasa mshono kwa kidole gumba.

"Mkono ulioshona hapa unajua kazi," alisema. "Na nafasi hii tupu je? Huyu fundi alisahau, au aliiacha kwa makusudi?"

Macho yote yalimgeukia Gaudens. Walikuwapo maprofesa wa vyuo vyenye majina makubwa. Jibu alikuwa nalo. Hakuna mtu yeyote sokoni pale aliyekuwa na jibu zuri kuliko lake, nalo lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini aliiona baraza, akaliona kopo la maziwa, akaona magazeti yaliyokatwa ukosi na mikono, na yote yakamwonekea madogo.

"Ni fundi tu wa barazani kule kwetu," alisema. "Mzee mmoja msahaulifu."

Mzee aliliachia koti. "Pole," alisema. "Nilidhani ni mtu ambaye ningependa kukaa naye." Kisha akamgeukia mwingine, na mazungumzo yakaendelea. Mama wa kabichi peke yake ndiye aliyeendelea kumtazama Gaudens kwa kitambo, kama mtu anayetazama mzani ambao hauamini.

Kosa la kwanza la Gaudens lilikuwa hilo, na lingeweza kufutika. Simu alikuwa nayo mfukoni. Alikuwa na namba ya kaka yake, aliyekuwa hai, ameketi Mbinga, na kazi yake ilikuwa kusikiliza majibu ya watu. Jioni ile Gaudens aliishika simu akairudisha mfukoni. Ijumaa asubuhi aliishika tena. Alijua kwamba Meinrad angeuliza tu, "Safari inaendaje?" na kwamba hata swali hilo lingemshinda. Akajiambia ni heri aseme uso kwa uso. Mchana aliitoa mara ya tatu, akajiambia mtandao ni mbovu, akairudisha. Jioni alinunua kadi yenye picha ya madaraja, akaandika "Kaka mpendwa," na hakujua la kuandika baada ya hapo.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, simu ililia yenyewe. Alikuwa Otilia, mke wa Meinrad.

"Shemeji, kaka yako ametutoka. Alfajiri hii. Kifua kilimbana tangu juzi." Kisha akasema bila lawama yoyote, "Jana kutwa alikuwa anauliza kama umepiga."

Mazishi hayakuweza kumngoja. Gaudens alifika Jumanne, kaburi likiwa na udongo mbichi na misalaba ya maua iliyoanza kunyauka. Watu walikuwa bado wamejaa uani, wengi kuliko waliomzika yule aliyekuwa mkuu wa chuo chake mwaka uliotangulia. Walikuwapo wachuuzi, walimu, masista wawili wa misheni, hata yule diwani. Na jambo la ajabu lilikuwa likifanyika. Otilia alikuwa ameweka kopo la maziwa juu ya meza, na watu walikuwa wakimwendea mmoja mmoja. Kila mmoja alisema swali aliloulizwa, kisha jibu lake, wengine kwa kunong'ona, wengine kwa machozi, naye akawapa vifungo vyao. Diwani alilitazama kopo kwa muda mrefu, akarudi kuketi.

Zamu ya Gaudens ilifika. Kipande chake cha gazeti kilikuwa na jina lake kwa kalamu ya risasi, na juu ya jina nusu ya sentensi ya kale iliyokatwa na mkasi. Alijaribu kuimalizia kama zamani, akashindwa. Akageuka, akawa anawatazama watu wote, koti la sufu likiwa mwilini mwake katika jua la mchana.

"Meinrad ndiye aliyenifundisha kusoma," alisema kwa sauti.

Mzee Egno, aliyekuwa na duka lile lenye baraza, aliinua uso. Hakuwa na ukali.

"Mwanangu," alisema, "hilo sisi wote tunalijua. Aliyekuwa anangoja kulisikia ni mmoja tu."

Otilia alimwuliza Gaudens kama angependa amshonee kile kifungo. Akasema hapana. Tangu siku hiyo koti lina vifungo vitatu, naye hulivaa hata siku za joto. Hupita upande uleule wa baraza. Mgeni akimwuliza juu ya ile nafasi tupu, humweleza yote, pamoja na jibu la Alhamisi, pamoja na simu iliyorudi mfukoni mara tatu, wala hajipunguzii neno. Picha ile ya ndoo hakuwahi kumwonyesha mtu.

Nanyi mnaosikia, ni nani nyumbani kwenu aliyekuulizeni jambo jepesi, mkamwambia mtamjibu mkirudi?

Ee Bwana, umpokee mtumishi wako Meinrad, aliyetuuliza kwa upole na kutungoja kwa subira. Umjalie pumziko lisilo na mwisho, na nuru yako imwangazie daima. Umfikishie majibu yetu yaliyochelewa, maana sisi hatuna tena njia. Na utuhurumie sisi tuliobaki. Amina.