Jina la Jiwe la Mwisho

Sogeeni karibu, na mwenye sufuria jikoni aiepue kwanza, maana hadithi hii haina jibu na najua mtabishana hadi wali uungue. Mimi mwenyewe nimeisimulia miaka mingi na bado inaniuma.

Zamani sana, katika kisiwa cha Sarandibu, palikuwa na mji mtakatifu wa Wabudha. Katikati yake lilisimama kuba kubwa jeupe, wenyewe waliliita stupa, na kulizunguka kulikuwa na uwanja uliotandikwa mawe. Kila jiwe lilichongwa jina la marehemu mmoja. Mahujaji walitembea pekupeku, na kila aliyekanyaga jiwe alilitamka jina lile taratibu, ili thawabu za hija yake zimfikie marehemu huko aliko. Jiwe moja, jina moja. Desturi ilikuwa hiyo na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Katika mji huo waliishi watu watatu wenye vipaji. Tissa alikuwa mpasua mawe. Akiligonga jabali kwa kidole tu, alijua litapasukia wapi. Nanda alikuwa mwanamke mwenye tembo, jike zee lenye sikio lililochanika, na tembo huyo hakumsikiliza mtu mwingine yeyote duniani. Abaya alikuwa mchonga maandishi, na jina alilolichonga yeye halikufutwa na mvua wala na nyayo.

Mji mzima ulinywa na kulima kwa ziwa moja lililochimbwa na mababu, lenye ukuta mrefu wa udongo na mlango mmoja wa kutolea maji. Mlinzi wa mlango alikuwa mzee Vela, babake Abaya. Miaka miwili mvua haikunyesha. Mwaka wa tatu ilikuja yote kwa pamoja. Maji yakapanda hadi kwenye alama ambayo, yakifika hapo, mlinzi hana budi kufungua. Mzee Vela hakufungua. Siku ya pili, alasiri, ukuta ukapasuka.

Maji yalimchukua Sumana, mke wa Tissa, akiwa shambani. Yalimchukua Mitta, binti wa Nanda mwenye miaka minne, aliyekuwa akicheza barazani. Yalimchukua na mzee Vela, aliyeonekana mara ya mwisho akiuvuta ule mlango kwa mikono miwili, wakati umeshampita.

Mji bila ziwa si mji. Watu wakafunga mizigo kuhamia kusini. Na kwenye uwanja wa stupa lilikuwa limebaki pengo moja tu lisilo na jiwe.

Wale watatu wakaamua kulijaza kabla ya kuondoka, kila mmoja na marehemu wake moyoni. Tissa alikwenda mwambani. Alitoboa mashimo ishirini kwa mstari mmoja, akapigilia vipande vya mti mkavu, akavimwagia maji ili vivimbe. Mto ulikuwa mbali, kwa hiyo maji hayo aliyabeba kichwani siku sita. Siku ya saba jabali likapasuka. Badala ya kufurahi, alikaa juu yake akalia, kwa sababu Sumana ndiye aliyezoea kumletea chakula pale.

Nanda akafunga kamba, na tembo wake akalivuta jiwe kwenye tope siku nne. Walipofika pale ilipokuwa nyumba yake, tembo alisimama. Alizoea kupewa na Mitta kipande cha muwa mahali hapo. Nanda hakumhimiza. Alimwacha asimame mpaka alipochoka kungoja.

Abaya akalichonga jiwe siku kumi, likakaa kwenye pengo bila kuacha hata nafasi ya ukucha. Siku zote hizo hakuna mpita njia aliyemsalimu, maana alikuwa mtoto wa Vela. Kazi ikaisha, likabaki jina tu.

Mtawa mzee akawaambia, "Kesho asubuhi sisi wa mwisho tunaondoka. Niambieni leo, mnamwandika nani?"

"Sumana," alisema Tissa. "Kabla ya mafuriko aliweka nadhiri ya kulitoa jiwe hili la mwisho. Pengo hili alilifagia kila mwezi mpevu. Mnataka nadhiri ya marehemu ipotee?"

"Mkeo aliishi, kaka," Nanda akamjibu. "Alifagia, alitoa sadaka, amekwenda na thawabu zake. Mwanangu alikuwa na miaka minne. Amekwenda mikono mitupu. Nani atamtaja?"

"Wenu wanaliliwa," alisema Abaya. "Wangu anatemewa mate. Amebeba vifo vya mji mzima. Nani anazihitaji thawabu kuliko yeye?"

Nanda akasimama. "Aliyemuua mwanangu? Mahujaji wamwombee yeye?"

"Dada Nanda, mkono wa baba ulikuwa tayari mlangoni. Watu walikuja wakampigia magoti. Wakamwambia, 'Usiyamwage maji, mzee, watoto wetu wamekaa na njaa miaka miwili.' Muulize kaka Tissa. Yeye alipiga magoti wa kwanza."

Tissa akainamisha kichwa. "Sumana alinituma," alisema. "Shamba lilikuwa limekauka miaka miwili. Alinituma nikamwombe."

Nanda akaketi tena chini, akaweka kiganja juu ya jiwe. "Mimi sikwenda," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini siku watu walipokwenda kumwomba, mtoto alikuwa mgonjwa. Angekuwa mzima, ningekwenda."

Basi hapo walilia wote watatu, na mtawa naye akalia. Abaya ameshika patasi, lakini ameapa hataligusa jiwe mpaka wenzake wawili wakubali. Jua linakwenda, na kesho mji utabaki na nyani na miti, na mahujaji wa kupita tu.

Haya, msinitazame mimi. Bila Tissa jiwe lingekuwa bado ni mwamba. Bila Nanda lingelala mwambani hadi leo. Bila Abaya lisingekaa kwenye pengo, wala lisingepata jina. Jasho lao sawa, na machozi yao siwezi kuyapima.

Je, wewe ungemwambia Abaya achonge jina la nani? Na ukishalitaja, hao wawili waliobaki ungewatazamaje usoni?