Cherehani ya Shangazi

Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ndio uliokulaza siku zote. Msala unaoonekana ukipita mikononi mwa mwenzako ni mpya na unang'aa. Kwako utafika au hautafika, nani ajuaye? Anayeutupa wa kwanza kwa kuutamani wa pili huenda akalala chini. Hayo yaliwakuta vijana watatu wa bendi moja ya roki, siku ile ile waliyorekodi wimbo wao wa kwanza.

Bendi hiyo ilizaliwa nyuma ya duka la kushonea nguo. Mwenye duka alikuwa Shangazi, mama wa mdomo mkali na moyo laini, aliyewalea watoto wawili wa marehemu kaka yake. Mkubwa alipiga gitaa na kuimba. Mdogo, binti waliyemwita Kishindo, alianza kwa kugonga meza ya kukatia vitambaa kwa rula mbili, hadi Shangazi akachoka na kumnunulia ngoma zilizotumika. Wa tatu alikuwa fundi baiskeli wa jirani, mtu wa maneno machache, mpiga gitaa la besi.

"Pigeni mtakavyo," Shangazi aliwaambia, "lakini cherehani yangu haisimami. Atakayeona kelele, mlango ule pale!"

Basi wakapiga, naye akashona. Miaka minne cherehani ile ya mguu ilitwanga ta-ka-ta-ka-ta-ka, na vijana wakapiga juu yake bila kujua kwamba ndiyo inayowaongoza.

Siku ya siku ikawadia. Redio ya mji ilikuwa ikicheza kila Ijumaa wimbo mmoja wa bendi changa, na studio moja ikakubali kuwarekodi kwa siku moja tu. Walifika asubuhi, roho juu. Fundi mitambo akawavisha spika za masikioni zenye mlio wa kuhesabia mapigo, ti, ti, ti, akawasha mashine.

Lo! Kishindo akapotea. Mara ya kwanza alikimbia, mara ya pili akachelewa. Mara ya tatu alisimama katikati ya kiitikio kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Jasho lilimtoka, machozi yakamlengalenga.

Fundi mitambo alimvuta kaka yake pembeni. "Sikiliza, bwana mdogo. Adhuhuri anapita hapa mpiga ngoma anayejulikana mji mzima. Mtumie huyo. Dada yako bado mbichi."

Kaka alimtazama mdogo wake, kisha akatazama saa ya ukutani. Tamaa ikamzidi nguvu. "Dada, nenda nyumbani upumzike," alisema bila kuinua macho. "Leo tu."

Kishindo aliviweka vijiti vyake juu ya kiti, akaondoka.

Yule bingwa alikuja, na tuseme kweli, alikuwa bingwa. Hakukosea pigo hata moja. Lakini kila walipofika mwisho wa ubeti, kaka na fundi baiskeli walisimama kidogo, naye akaendelea. Wakagongana kama watu wawili mlangoni. Wakarudia, wakagongana tena.

"Hebu, jamani," bingwa aliuliza kwa upole, "nani aliwafundisha kusimama hapo?"

Kaka akakuna kichwa. Ndipo fundi baiskeli, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, akasema, "Hapo Shangazi anageuza kola."

Kumbe miaka yote minne walikuwa wakimsubiri Shangazi afike kwenye ncha ya kola, ainue mguu, ageuze kitambaa, aendelee! Wakadhani ndivyo wimbo ulivyo. Na aliyeishika pumzi ile ya cherehani kuliko wote alikuwa Kishindo.

Kaka alikimbia hadi dukani, fundi baiskeli nyuma yake. Alimkuta mdogo wake akishona vifungo, macho mekundu.

"Umesahau nini tena?" Shangazi alifoka. "Nyaya?"

"Nimemsahau huyu, Shangazi." Akamgeukia Kishindo. "Dada, nimekukosea. Nisamehe. Bila wewe hakuna wimbo."

Kishindo alikata uzi kwa meno. "Kule kuna ti-ti-ti. Mimi ti-ti-ti siiwezi."

"Tutaizima. Tutakwenda na cherehani."

"Na mashati yangu ya kwaya je?" Shangazi akaruka. "Wenyewe wanayataka jioni!"

"Utayashonea huko huko."

Shangazi alimtazama Kishindo, akauona uso wake unavyobadilika. "Haya," akasema, "lakini mkiikwaruza, mtanitambua!"

Cherehani ikapanda mkokoteni, fundi baiskeli akisukuma, Shangazi akitembea nyuma na furushi la mashati kichwani. Fundi mitambo alipowaona alishika kiuno, akacheka, akaisogezea kipaza sauti.

Shangazi akakanyaga. Ta-ka-ta-ka-ta-ka. Kishindo akafumba macho, akaingia, na wenzake wakamfuata. Kola ilipogeuzwa walisimama wote pamoja, wakaanza pamoja. Walirekodi mara moja tu. Mwishoni Shangazi alikata uzi, akasema, "Haya, leteni shati jingine!" Fundi mitambo alikataa katakata kuifuta sauti hiyo.

Ijumaa walikaa dukani wote wanne. Wimbo ulichezwa, simu zikamiminika redioni, ukarudiwa mara tatu kabla ya jua kuchwa. Wiki haijaisha, watu sokoni wakawa wanaitana, "Leteni shati jingine!" Bendi ikaitwa huku na huko, na kila ilikoitwa cherehani ilitangulia.

Lakini jambo ambalo Kishindo hulikumbuka ni la ile Ijumaa. Wimbo ulipoanza redioni, Shangazi alikuwa katikati ya mshono ulionyooka, mbali kabisa na kona. Akainua mguu. Cherehani, ambayo haikuwahi kusimama kwa ajili ya mtu yeyote, ikanyamaza hadi wimbo ukaisha, naye akilia na kucheka, ameushika mkono wa binti yake wa kulea.

Kaka aliuona mkono ule, akainamisha kichwa. Alijua jinsi alivyokaribia kuupoteza. Usiache mbachao kwa msala upitao.