Lundo Lililotoa Moshi

Kwa ngoma walikanyaga, chakula cha kiangazi;
Utamu ukajimwaga, yakabakia machozi.

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa bonde, na bonde likawa na wenyewe. Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Ngano hii haina sukari.

Hapo zamani za kale, mtama uliwakataa wanyama wa bondeni. Waliupanda, ukanyauka. Waliupanda tena, ukanyauka tena. Ndipo Nungunungu, mjane aliyeteremka kutoka mlimani na mwanawe mmoja, akawapa mbegu za viazisukari. Vikanenepa ardhini, vyeupe, vitamu kama muwa. Wakachimba, ku, ku, ku. Wakarundika, wakarundika, mpaka lundo likapita pembe za Nyati.

Mzee Ngiri, mkuu wa bonde, akasema, "Sasa tucheze."

Maana hiyo ndiyo mila yao. Zamani mtama ulipokuwa ukistawi, kila ulipovunwa walipanda juu yake wakacheza, punje zikapukutika. Kisha waliufunika kwa nyasi, usinyeshewe.

Nungunungu akasema, "Mzee wangu, mtama umelala. Kiazi kiko macho, kinapumua. Kikichubuka, huoza. Kikikosa hewa, hupata joto, na joto hula utamu. Tuvitandaze kivulini, mafungu madogo madogo, upepo upite."

"Mafungu madogo madogo," akasema Fisi, msifu wa mkuu. "Na kila kiazi tukiimbie, kisije kikalia usiku?"

Wakacheka, kwa, kwa, kwa.

"Basi nipeni fungu langu," akasema Nungunungu. "Nina mtoto, na kiangazi cha huku ni kirefu."

"Mama Miiba," akasema Ngiri, "wewe ni mkuja. Anayevunja lundo letu hulala nje ya bonde letu."

Nungunungu akamtazama mwanawe. Nje ya bonde kuna chui. Akapanda juu ya lundo, akacheza pamoja nao, akikanyaga polepole. Ti, ti, ti. Viazi vikapasuka, pa, pa, pa. Wakavifunika kwa nyasi, tabaka juu ya tabaka.

Asubuhi moja ya baridi, lundo likatoa moshi.

"Tazameni," akasema Fisi. "Baraka zinapanda."

Wakapiga vigelegele. Nungunungu akatia mkono ndani ya lundo, akautoa upesi. Ndani mlikuwa moto kama tumbo la mwenye homa.

"Mzee wangu, tulifunue leo. Nusu itapona."

Ngiri akasema, "Baraka hazifunuliwi."

Kiangazi kikaja. Majani yakaisha, mto ukakatika. Wakalifunua lundo. Wakakuta maji meusi, na harufu ya pombe iliyochacha. Swala akaonja, akatema. Nyati akaonja, akatema. Utamu haukuwamo.

Fisi akauliza taratibu, "Jamani, nani alisema vitaoza?"

"Nungunungu," wakasema.

"Alijuaje?"

Wote wakamgeukia Nungunungu. Aliyewapa mbegu wakamwita mchawi wa lundo, wakamtoa bondeni, yeye na mwanawe, jua likiwa utosini. Mtoto akaanguka njiani, mlima ukionekana. Mama akakaa kando yake. Hakuinuka tena.

Bondeni nako, njaa haikuuliza nani mwenyeji, nani mkuja. Swala akaanguka. Nyati akaanguka. Ngiri akaanguka ubavuni mwa lundo lake. Fisi akala viazi vilivyooza. Vilipokwisha, akala walioanguka.

Wasikilizaji, funzo ni hili: mila iliyohifadhi mtama huozesha kiazi, na kumwadhibu aliyeonya hakurudishi kilichooza.

Ngano yangu imekomea bondeni pale. Aliyebaki amesimama ni Fisi.