Kengele ya Saa Nane Mchana

Assalamu alaikum, wanangu. Nyamazeni basi. Nimegonga hii kengele ya mezani mara tatu, na huko nyuma bado kuna wanaohadithiana. Haya, sasa mmetulia.

Kabla sijasema kitu, kila mmoja aweke mkono kifuani aniahidi kwamba haya hayatoki nje ya ukumbi huu. Hata mume nyumbani asiambiwe. Mimi mwenyewe niliyasikia kwa bibi mmoja aliyenisihi nisimwambie mtu, nikamwitikia vizuri kabisa, na siri yake nimeitunza miaka mingi kuliko siri yoyote niliyowahi kupewa. Leo inanitoka. Mungu anisamehe, na nyinyi sogeeni karibu.

Kulikuwa na kisiwa kimoja kidogo, msiniulize kipi. Wanawake wake kazi yao ilikuwa makumbi ya nazi. Wanayafukia kwenye tope la pwani miezi mingi mpaka yalainike, wanayafukua, wanayaponda kwa magongo, kisha wanasokota kamba. Na kuponda makumbi bila kuimba haiwezekani, mkono unachoka. Basi mchana kutwa kisiwa kilikuwa magongo, nyimbo na kusengenyana. Raha tupu.

Akaja Mwingereza kutawala. Wakamwita Bwana Shauri. Akajengewa boma juu ya kilima, na Bwana Shauri yule akawa na desturi ya kulala baada ya chakula. Makelele ya wanawake yakamuudhi. Akasimamisha nguzo uani kwake, akatundika kengele, akatoa amri: ikilia saa nane, kisiwa kizima kimya mpaka saa kumi. Usiponde, usiimbe, usipige kigelegele. Anayevunja amri askari anamnyang'anya gongo lake, naye anafagia ua wa boma mpaka jua lizame.

Watu wakazoea. Mtu akitaka kucheka saa tisa anajiziba mdomo kwa kanga. Watoto waliozaliwa wakati ule walikua wakidhani ni suna.

Huyo anayenyoosha mkono aushushe, maswali baadaye. Nimegonga kengele.

Uhuru ukaja. Bendera ya Waingereza ikateremshwa, Bwana Shauri akapanda meli na sanduku lake na mbwa wake, boma likabaki tupu, watu wakacheza ngoma siku tatu mfululizo. Siku ya nne, saa nane mchana, kengele ikalia. Magongo yakasimama hewani. Kimya.

Sheha akadhani ni amri ya serikali mpya. Karani wa serikali mpya akadhani ni amri ya sheha. Kuulizana hawakuulizana, maana kumhoji mkubwa walishafundishwa kuwa ni kukosa adabu. Miaka ikapita hivyo, thelathini na ushei, kengele inalia kila siku.

Sasa katika kisiwa hicho alikuwepo bibi mmoja mwenye mjukuu wa pekee, aliyemlea tangu mchanga. Mjukuu akapata mchumba kutoka kisiwa cha jirani, ambako Bwana Shauri hakuwahi kukaa. Na kwao mila ilikuwa hivi: bwana harusi akifika kizingitini havui viatu mpaka bibi wa bibi harusi apige kigelegele. Bila kigelegele hicho mke hajatolewa kwa moyo mkunjufu, na mume hana ruhusa ya kuingia.

Siku ya harusi wageni wakawahi na maji ya bahari, wakafika mlangoni saa nane na dakika chache. Kengele ilikuwa imeshalia. Bwana harusi kasimama juani na joho lake, jasho linamtiririka, na wenyeji wote wamefumba midomo wanamtazama. Mama yake akauliza, "Hapa tumekuja harusini au matangani?"

Shangazi wa bibi harusi akamnong'oneza, "Subira kidogo, mama. Mpaka saa kumi."

"Saa kumi kuna nini?"

"Bwana Shauri amelala."

"Bwana Shauri yupi?"

Shangazi mwenyewe hakumjua. Bwana Shauri aliondoka yeye hajaota hata meno.

Mama wa bwana harusi akasema saa kumi maji yatakuwa yametoka na chombo chao kitakwama kwenye tope. Kama mke hatolewi sasa, wanarudi kwao. Ndani, bibi harusi akayasikia hayo, wanja ukaanza kumteremka mashavuni. Ndipo mtu akakumbuka kuuliza, bibi mwenyewe yuko wapi? Shangazi akajibu kwamba kaenda nyuma ya boma kumbadilishia mbuzi malisho, kama anavyokwenda kila mchana.

Watu wote wakageuka kulitazama sufuria la pilau. Mbuzi alikuwa humo tangu asubuhi.

Wakapanda kilima wote, wenyeji na wageni, bwana harusi na viatu vyake mguuni. Wanafika uani kwa boma, wanamkuta bibi na kanga zake mpya, ananukia udi, kamba iko mkononi. Alikuwa amesikia minong'ono huko chini, akaona watu wa siku hizi hawana nidhamu, akawa anaivuta mara ya pili. Kamba ikamganda mkononi.

Hakukataa. Akasema, "Ile siku ya nne nilitaka kulala tu, mchoko wa ngoma. Nikavuta, kisiwa kizima kikanyamaza. Wanangu, mimi katika maisha yangu sijawahi kunyamaziwa hata na kuku. Kesho yake sikuwa na usingizi, nikavuta tena."

Mama wa bwana harusi akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwambia, "Basi iachie, mkwe, mwanangu anaungua jua." Bibi akaiachia kamba, akapiga kigelegele hapohapo kilimani, na kisiwa kizima kikamwitikia saa nane na nusu mchana. Bwana harusi hakungoja mlango. Alivua viatu palepale, akateremka pekupeku.

Sasa sisi. Yule Mwingereza alitudhulumu, na hesabu yake iko kwa Mungu. Lakini meli ilimchukua na mbwa wake. Kamba aliiacha ikining'inia, nani alimtuma bibi kuishika? Wangapi humu tuna wakamwana, wake za wana wetu, wasiothubutu kucheka mpaka tutoke nyumbani? Yule binti anayetufulia na kutupikia, mbona kikombe chake kimetiwa alama na anakunywa peke yake jikoni? Alama hiyo tulifundishwa na nani, na leo anayeitia ni nani? Tunamlaumu aliyeondoka, na viganja vyetu vina sugu za kamba.

Mbona mnacheka? Wewe uliyenyoosha mkono, unacheka nini?

Ah. Mnautazama mkono wangu.

Kweli, tangu nimeanza sijaiweka chini hii kengele. Haya, nimekamatwa, tena mbele ya ukumbi mzima. Njoo uichukue, mwanangu, uiweke mbali nami, kisha uulize ulilotaka kuuliza.